Stelingi asema Kiswahili huko Meru na Embu

Mtu wa Nairobi akitaka kujua picha gani mpya imeingia mjini hutazama simu yake. Mtu wa Maua au wa Runyenjes hutazama ubao. Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa kwenye mlango wa mabati, na maandishi yake ni ya chaki. Hapo ndipo anapopata habari kwamba leo saa 8 kuna "Jeti Lii", saa 10 kuna mpira wa Uingereza, saa 2 usiku kuna "Mhindi Mkali", na saa 4 kuna kitu kiitwacho "Vita Tupu", ambacho si jina la picha ila ni maelezo yanayowatosha wateja. Chini kabisa imeandikwa bei, shilingi 20, na onyo kwamba miguu juu ya kiti hairuhusiwi.

Msomaji wa Pwani, usicheke upesi. Sisi tulizoea majumba. Mombasa tulikuwa na Regal na Naaz, Unguja walikuwa na Majestic na Cine Afrique, na mtu alikwenda kutazama picha kama aendaye arusini, kanzu imepigwa pasi na nguo zimefukizwa udi. Zilikuwako hata siku za akina mama peke yao. Majumba hayo yakafungwa moja baada ya jingine, kwanza kwa sababu ya kanda za video, kisha sidii, kisha simu. Sasa nenda Majengo au Kisauni siku ya Jumamosi uone nasi tumekaa wapi. Tumekaa kwenye benchi, ndani ya mabati, bega kwa bega, sawasawa na ndugu zetu wa Meru. Tofauti ni kwamba wao baridi ya Mlima Kenya huwafanya wakae karibu kwa hiari yao.

Jambo la kwanza la kujifunza katika vibanda hivyo ni maana ya neno "mpya". Gazeti likisema picha mpya, maana yake ni iliyotoka Marekani au Bombay mwaka huu. Kibandani, picha huwa mpya siku ile ilipotiwa Kiswahili. Nimeikuta "Drunken Master" ya Jackie Chan, ambayo ilitoka mwaka 1978, ikitangazwa kwa herufi kubwa kuwa ndiyo kwanza imefika. Na waliokuwa wakiitazama wote walizaliwa miaka mingi baada yake. Nilitaka kumsahihisha mwenye kibanda, kisha nikatazama nyuso za wale vijana nikaona kwamba mwenye haki ni yeye. Kwao ilikuwa mpya kabisa, na ya Schwarzenegger ya mwaka 1985 iliyofuata ilikuwa mpya zaidi.

Anayezitia Kiswahili ni mtu aitwaye dijei, ingawa hapigi sahani hata moja ya muziki. Aliye mashuhuri kupita wote nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye sauti yake imeingia vibandani, kwenye vinyozi, ndani ya magari ya abiria, na nina hakika hata jikoni. Kazi yake ni hii. Huishusha sauti ya picha, huipandisha ya kwake, na tangu hapo Mchina, Mmarekani na Mhindi wote huwa watu wa nyumba moja. Hafasiri neno kwa neno, la hasha. Huhadithia. Humwambia mtazamaji huyu ni nani, ana kisa gani na yule, na kwa nini mwenye kovu shavuni asiaminiwe. Wahusika wakiongea sana, yeye hufupisha. Wakinyamaza, hujaza yeye. Mhusika mkuu humwita stelingi, nalo ni neno ambalo limeshakata hati ya uraia katika Kiswahili, likaleta na methali yake kwamba stelingi hafi.

Nyuma ya mabingwa wako wanafunzi. Mjini Embu nilimsikia mmoja ambaye hakutosheka na kazi za wakubwa, akatafuta kipaza sauti chake mwenyewe na kuisimulia picha hapo hapo, watu wakiwa wamekaa. Jambazi mmoja wa Hong Kong alitakiwa arudishe pesa za chama kabla mambo hayajafika kwa chifu. Mwenzake aliyekuwa akitoroka kwa pikipiki aliambiwa akifika Kangaru atashikwa, na benchi zima likacheka, maana Kangaru ni hapo hapo mjini na kila mtu alikuwa akimwona jambazi yule akipita nyumbani kwake. Polisi wa Kichina walipochelewa kufika, kama wafanyavyo polisi wa picha zote, msimulizi alieleza kwamba gari lao halina mafuta. Sidhani mwandishi wa hadithi ile aliwahi kuandika kichekesho kilichopokewa vizuri kama hicho.

Je, Kiswahili chake? Hapo mniwie radhi. Aliposema "hiyo mtoto imeenda wapi" nilijishika kofia isianguke. Ngeli kule hutembea bila viatu. Vijana hao nyumbani husema Kimeru, Kiembu au Kimbeere, shuleni husukumiwa Kiingereza, na Kiswahili wamekiokota sokoni na stendi ya magari. Lakini nilikaa picha mbili, na nikaona kitu ambacho sijakiona katika madarasa mengi ya lugha. Yule kijana alikuwa na masikio ya watu 60 kwa saa tatu, hakuna aliyesinzia, na kila alipokosa neno alilitafuta upesi kwa sababu hadithi ilikuwa inamkimbia. Lugha hujengwa hivyo. Anayetaka kumkosoa aende Embu akamkosoe, ila alipe zile shilingi 20.

Na ufundi wenyewe una ukoo mrefu. Wajapani, enzi za picha zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya kitambaa, na wako waliokuwa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe. Waingereza walianzisha idara yao ya filamu za makoloni mwaka 1939, na magari yenye mashine za sinema yakazunguka vijijini, mkalimani akieleza kwa lugha ya watu kwa nini wachimbe vyoo na waweke akiba. Naapa mkalimani yule alitia chumvi yake. Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatengeneza picha zao za Kiswahili, ikiwemo "Muhogo Mchungu", ambamo aliigiza kijana aitwaye Rashidi Kawawa. Kijana huyo ndiye yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Baadaye enzi za video Dar es Salaam ikampata marehemu Lufufu, na Kampala ikajaa wasimulizi wa Kiganda, hata picha ya Isaac Nabwana iitwayo "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, yenye helikopta za kuchekesha na damu ya rangi, imekwenda dunia nzima ikiwa na sauti ya msimulizi ndani yake. Wazungu huitazama picha ile na kumsikiliza Mganda akiwapigia kelele kwamba sasa mambo yanaanza.

Sisi wa Pwani hatukuwa na msimulizi, nasi tulilia vile vile. Mama zetu walimtazama Nargis katika "Mother India" ya mwaka 1957 akimpiga risasi mwanawe wa kumzaa, na wakatoka leso zimelowa, wala hakuna aliyejua neno la Kihindi zaidi ya yale ya dukani. Nyimbo za picha hizo tulizichukua mahadhi yake tukatia mashairi yetu. Marehemu Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo, na hapana aliyemwita mwizi. Kumbukeni hilo, kwa maana nitalirudia. Ama ile methali ya stelingi hafi, nadhani aliyeitunga hakuiona "Sholay" ya mwaka 1975. Amitabh Bachchan anakufa mle, na Mombasa nzima ililala na msiba. Nilimweleza mwenye kibanda mmoja wa Meru habari hizo. Alinijibu kwamba basi Amitabh hakuwa stelingi, stelingi alikuwa Dharmendra, na hapo sikuwa na la kusema.

Lakini Meru ina picha yake yenyewe, na vibandani haitazamwi.

Mwulize mzee yeyote wa Ulaya habari za Meru. Akizijua, atakutajia simba. Mwaka 1956 George Adamson, bwana wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyewarukia, kisha akaona kwamba mnyama yule alikuwa akilinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam huko Uholanzi. Wa tatu ni Elsa. Alilelewa na mke wa George, Joy, akapanda juu ya Land Rover, akalala juu ya kitanda cha safari, na mwishowe akafundishwa kuwinda na kurudishwa mwituni Meru, ambako alizaa watoto watatu. Joy akaandika kitabu, "Born Free", mwaka 1960. Elsa akafa kwa maradhi ya kupe Januari 1961 na kuzikwa mle porini, kando ya mto Ura. Picha ikatoka mwaka 1966, Virginia McKenna na Bill Travers wakiwa mke na mume, kama walivyokuwa nyumbani kwao, na muziki wa John Barry ukanyakua zawadi mbili za Oscar. Mwaka huo huo Meru ikatangazwa mbuga ya taifa. Duma wa Joy aitwaye Pippa naye ana kaburi lake humo humo.

Na picha ile, kwa ajabu ya mambo, ilipigwa hasa Naro Moru, upande wa pili wa mlima. Kaburi liko Meru, kamera ilikuwa kwa jirani.

Niliitazama tena juzi, safari hii sikumtazama simba. Niliwatazama watu weusi. Wanabeba mizigo, wanawasha moto, wanakimbia wanapotakiwa kukimbia. Wawili wana majina: Nuru, aliyeigizwa na Peter Lukoye, na Makkede, aliyeigizwa na Omar Chambati. Katika kitabu pia Nuru yumo, ndiye aliyekuwa akimchunga Elsa angali mdogo, na Makedde yumo, askari wa wanyamapori. Lakini tujiulize. Simba mdogo anayetembea porini kutwa nzima na mtu mmoja, akimfuata kama mbuzi, bila shaka mtu huyo ana hadithi yake. Alikuwa akiwaza nini? Jioni alikwenda kumweleza nani? Mkewe alisemaje alipoambiwa kazi ya mumewe ni kuchunga simba, tena simba anayelala kitandani? Picha hiyo ningelipa shilingi 20 mara tatu. Haijatengenezwa, na watunzi wa Meru wapo, na simba wapo. Kwa sasa nawapa watengenezaji ubeti mmoja, bure, kwa niaba ya kila mpishi aliyepita katika picha za safari:

Simba amekuwa nyota, jina lake latajika,
Mpishi aliyepita, hakuna wa kumtaka,
Chai aliyoileta, wenyewe walipochoka,
Imenywewa ikakwisha, jina halikuandikwa.

Na simba hawakuishia hapo. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa "The Lion King", baada ya wachoraji wake kuzuru Kenya, na safari hii yaliyochukuliwa yalikuwa maneno yetu. Shujaa anaitwa Simba, nyani Rafiki, mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, ngiri ni Pumbaa, na fisi mmoja anaitwa Shenzi, jina ambalo mtu akiliita hadharani Mombasa itabidi aitiwe wazee. Katikati ya picha wakaweka wimbo wa maneno mawili ambayo kila mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi ameyasikia kabla hajapata mzigo wake: hakuna matata. Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa, walikwisha kuyaimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka ule ule wa 1994 Disney ikaomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara ya nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Wengi wetu hatukujua hadi mwaka 2018, watu walipoanza kutia saini malalamiko mtandaoni. Wanasheria walieleza kwa upole kwamba hakuna atakayekuzuia kuyasema, ila usiyauze juu ya fulana kule kwao. Nashukuru. Nilidhani nitahitaji kibali kila nikimpooza mtoto. Picha ikatengenezwa upya mwaka 2019, na Desemba 2024 wakatoa ya babake Simba, "Mufasa", kwa hiyo ukoo huo bado unawalisha watu vizuri.

Sasa turudi ndani ya mabati. Kijana wa Embu amempata simba yuleyule wa Disney kwenye flashi, amemshusha sauti, na anamsemesha Kiswahili cha stendi. Hakulipa mtu. Je, ni mwizi, au amerudisha mali iliyokuwa imepotea?

Moyo wangu wa kishairi unataka kusema amerudisha mali. Lakini nimesoma chuoni kwa mwalimu mkali, na jambo moja alilotufundisha kwa fimbo ni kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Huwezi kumdhulumu Musa ukasema unalipiza deni la Isa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema vilevile kwa maneno yaliyo marefu zaidi. Nikiilegeza kwa sababu Disney ni tajiri, mlango huo huo utapitia kwa maskini. Maana flashi ile haikuwa na picha za Disney peke yake. Ilikuwa na "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012. Ilikuwa na "Supa Modo".

"Supa Modo" ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ni hadithi ya Jo, binti wa miaka 9, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa picha za mashujaa wanaoruka angani. Dada yake na watu wa kijiji wanaamua kumtengenezea picha ambayo yeye ndiye shujaa. Kenya iliipeleka picha hiyo kugombea Oscar. Na ndani yake, yumo nani? Yumo Mike, mwenye kibanda, anayesimulia picha za kigeni kwa sauti yake mbele ya watoto walioketi kwenye mabenchi! Watengenezaji wa sinema yetu bora wamemheshimu msimulizi wa kibanda, wakamfanya mtu mwema katika hadithi yao. Naye, siku ya Jumamosi, anaionyesha kazi yao bila kuwapa senti.

Nilimwuliza mwenye kibanda kwa nini asilipe. Aliniita shehe, kwa ajili ya kofia, akaniuliza kwa adabu amlipe nani, na wapi. Yuko tayari kununua leseni ya picha kumi kwa mwezi kama anavyonunua stima, lakini hakuna aliyewahi kufika mlangoni kwake kumwuzia; waliofika walikuja kufunga. Hili si jibu la mjanja. Nairobi wanajua kutafuta makosa ya kibanda, hawajajua kukiuzia bidhaa. Vibanda vya Meru, Chuka, Embu na Siakago, na vyetu vya Pwani, ndivyo majumba ya sinema yaliyobaki kwa mtu ambaye mfuko wake haufiki kwenye ukumbi wa kisasa. Mtengenezaji wa picha wa Kenya akipewa shilingi 2 katika kila 20 ya kila benchi, atatengeneza ya pili. Na wasimulizi wapewe karatasi na wapewe jina, kama wapigaji wa taarabu. Bhalo alichukua mahadhi, lakini ushairi ulikuwa wetu wenyewe na kila mtu alijua kipi kilitoka wapi. Msimulizi naye aseme mwanzoni picha hii ni ya nani. Kutaja ni hatua ya kwanza ya kulipa.

Jingine linawahusu wazazi. Bodi ya kuainisha filamu hupanga madaraja: ya watu wote, ya mtoto aliye na mzazi, ya miaka 16, ya miaka 18. Kibandani nililoliona ni daraja moja tu, la mwenye shilingi 20. Katika picha ya Kihindi, kijana wa mashine alipoona stelingi anamkaribia binti kwa nia isiyofichika, alitupia jicho kofia yangu, akaipeleka picha mbele kwa kasi, tukafika arusini bila kupita uchumba. Nilishukuru kwa heshima hiyo. Dakika 5 baadaye mtu akakatwa kichwa, hapo hakupeleka mbele. Kichwa kiliviringika taratibu na mtoto wa miaka 7 hivi aliyekaa mbele yangu akala mahindi yake ya kuchoma bila kukosa punje. Wazazi wa Meru ni kama sisi, tunaogopa busu kuliko panga.

Ama ile picha ya saa 4 usiku, hiyo ina mambo yake. Watazamaji wake hawasinzii, na kisa cha kutosinzia kinajulikana. Meru wana miraa, Embu upande wa Mbeere wana muguka, na mashavu yamejaa. Nayo safari ya majani hayo kuja kwetu ni sinema peke yake, yale magari yanavyokimbia tangu Maua ili mzigo usinyauke, hakuna picha ya kukimbizana iliyoyafikia. Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu, na Mahakama Kuu iliyoko Embu ikayasimamisha. Kwa siku kadhaa Embu na Mombasa zilitazamana kama makauboi wawili mwisho wa barabara. Mimi nilikuwa upande wa Mombasa na sijahama. Nimewaona vijana wetu asubuhi ya Jumapili wakitoka vibandani na macho ya kuazima, Mombasa na Embu pia, na sikuona tofauti kati yao. Tofauti ni kwamba mkulima wa Mbeere ana watoto anaowasomesha kwa majani hayo, na hilo picha yetu ya Pwani hailionyeshi.

Haya basi, mwisho wa wiki huu tutazame nini? Ijumaa usiku pumzika. Jumamosi mchana nenda kibandani, popote ulipo, ukae picha moja ya Kichina iliyosimuliwa; nenda na mjukuu, na uchague ya saa 8, si ya saa 4. Jumamosi jioni kusanya nyumba nzima kwa "Supa Modo", iliyonunuliwa au kukodishwa kwa njia halali, na uweke leso karibu, mama wa nyumba ataihitaji na wewe utasema ni moshi. Jumapili tafuta "Born Free". Simba watakapokwisha, usiinuke. Ngoja majina yapande, umsome Peter Lukoye, umsome Omar Chambati, uyasome kwa sauti ili watoto wasikie.

Na ukijikuta Embu muda ukakuzidi, uko mtaa uitwao Dallas. Wasomaji wa umri wangu wataukumbuka ule mchezo wa runinga wa jina hilo, ulioonyeshwa Marekani tangu 1978 hadi 1991, wenye matajiri wa mafuta, mabwawa ya kuogelea na yule bwana mwovu J.R., ambaye mwaka 1980 alipigwa risasi na dunia ikakaa miezi ikiuliza nani aliyempiga. Dallas ya Embu ni ya mabati, mabomba ya maji yana foleni, na mafuta yake ni ya taa, ya kupimiwa kwa chupa. Nenda ukawaulize wenyeji nani alimpiga risasi J.R. Watakuuliza kwanza kama umeshapiga ripoti.